Maoni: Karatasi za watu zisilale chumba kimoja na mifumo ya kompyuta

Mama na papa mliokimbia vita mkapokelewa katika familia za wenyeji, mashuleni na makanisani: leo siongei juu ya bei ya unga wala hali ya barabara. Ninaongea juu ya kadi ya memori, ile ndogo inayolingana na ukucha wa kidole. Katika vituo vinavyosaidia watoto na familia, kadi kama hiyo inabeba masomo ya watoto, orodha ya waliopokea msaada, picha za kadi za uchaguzi na picha za buletini za shule. Siku kadi hiyo ikivurugwa, anayelia siyo fundi. Anayelia ni mama ambaye karatasi zake ziliungua kijijini na ile picha ndiyo peke yake ilikuwa imebaki.

Maoni yangu ninayasema mapema. Kuweka mifumo miwili au mitatu kwenye kadi moja siyo kosa. Kosa ni kuchanganya mifumo hiyo na karatasi za watu, bila ukuta, bila nakala, na bila kumwambia mtu yeyote kitu gani kimekaa wapi. Karatasi za watu zikae pembeni. Na sisi wenye karatasi tuna haki ya kuuliza zinakaa wapi, hata kama hatujasoma mambo ya kompyuta.

Kompyuta ambayo mali yake yote iko kwenye kadi

Kwa wale wasioijua, mashini ninayoizungumzia ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Inayojulikana zaidi inaitwa Raspberry Pi. Ilitoka Cambridge, Uingereza, ikaanza kuuzwa mwezi wa pili 2012, na walioianzisha walitaka watoto wajifunze kuandika programu kwa mashini ya bei nafuu. Ukubwa wake ni kama kadi ya benki. Unaongeza skrini, kibodi na waya wa umeme, inakuwa kompyuta kamili. Inatumia volti 5, kama chaja ya simu, kwa hiyo paneli ya jua na batri nzuri vinatosha kuiendesha pale ambapo umeme haufiki au unakatika kila siku.

Ndiyo sababu inapendwa na wanaofundisha katika mazingira kama yetu. Kwa programu ya Kiwix, iliyoanza 2007, watoto wanasoma Wikipedia bila intaneti. Kwa programu ya Kolibri, wanapata masomo, mazoezi na video, nazo pia bila intaneti. Mwalimu anawasha mashini moja, wanafunzi wanaingia kwa simu au kwa tableti zao, darasa linaendelea.

Lakini mashini hii, kwa kawaida, haina diski ndani. Mfumo unaoiamsha, programu, masomo, picha, orodha, vyote viko kwenye kadi ya memori. Ukiitoa kadi, kinachobaki mkononi ni bodi tupu. Na kwa kuwa kadi nzuri ni ghali, watu wanafanya kinachoeleweka: kadi moja inafanyishwa kazi nyingi. Asubuhi mfumo wa darasa, jioni mfumo wa kuonyesha filamu za vijana, Jumamosi mfumo wa ofisi wa kuandika orodha. Mashini inapowaka, inatoa menyu, unachagua.

Nyumba yenye vyumba

Ili mifumo hiyo ikae pamoja bila kukanyagana, kadi inagawanywa. Mafundi wanasema patisheni. Mimi nitasema vyumba, kwa sababu kila kimoja kina mwanzo wake na mwisho wake, na kikijaa hakiwezi kukopa nafasi ya jirani.

Mwanzoni kabisa mwa kadi kuna daftari dogo la baiti 512 tu. Ndani yake kumeandikwa kila chumba kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kwa mtindo wa zamani, ambao kadi nyingi bado zinautumia, daftari hilo lina mistari minne peke yake. Fundi anayetaka vyumba zaidi ya vinne anageuza kimoja kuwa chumba kikubwa cha kufunika vingine ndani yake.

Mfumo mmoja wa kawaida wa Raspberry Pi unahitaji vyumba viwili. Kimoja ni kidogo, cha aina ya FAT, chenye mafaili ya kuamshia mashini. Cha pili ni kikubwa, cha aina ya ext4, ndimo mfumo wenyewe unakaa. Mifumo miwili ni vyumba vinne. Ongeza chumba cha menyu na chumba cha mipangilio, umefika sita. Sasa kama hakuna chumba cha saba kilichotengwa kwa ajili ya karatasi za watu, karatasi hizo zimelala wapi? Zimelala ndani ya chumba cha mfumo mmojawapo. Siku mfumo huo unafutwa ili kuwekwa mupya, zinaondoka nao.

Tuangalie pia hesabu ya nafasi. Kadi iliyoandikwa gigabaiti 32 inaonekana kwenye kompyuta kama 29 na kitu. Siyo wizi: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, kompyuta nyingi zinahesabu kwa 1024. Mfumo mmoja wenye madirisha na programu za ofisi unataka gigabaiti 8 hivi ili upumue. Mifumo miwili inakula 16, unabaki na 13 kwa masomo, filamu na karatasi. Wikipedia ya Kifaransa yenye picha inapita gigabaiti 30, kwa hiyo haiingii hapo. Na chumba cha aina ya FAT hakipokei faili moja la gigabaiti 4 na zaidi, hata kama nafasi ipo. Kijana ambaye hajui hilo anadhani kadi imeharibika, anaanza kufutafuta ili kutafuta nafasi. Hapo ndipo balaa inaanza.

Balaa zinavyoingia

Balaa ya kwanza ni menyu yenyewe. Kuanzia 2013, wengi walitumia programu ya NOOBS kuweka mifumo kwenye kadi. Ukishikilia kitufe cha Shift wakati mashini inaamka, inafungua orodha ya mifumo. Ukichagua mfumo mwingine na kuamuru uwekwe, NOOBS inagawanya kadi upya kuanzia mwanzo. Haiongezi chumba pembeni ya vile vilivyopo; inabomoa nyumba na kujenga nyingine. Onyo inatoa, lakini kwa lugha ya kigeni, na kijana aliyezoea kubonyeza ndiyo anabonyeza ndiyo.

Nimeona matokeo yake katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Mtu mwenye nia njema alitaka kuwaongezea watoto mfumo wa kutazama video. Baada ya dakika chache video zilikuwa tayari, lakini orodha ya familia na sauti za wazee waliosimulia habari za vijiji vyao hazikuwepo tena. Orodha iliandikwa upya kwa mikono, wiki nzima, watu wakipanga mistari mara ya pili. Sauti hazikurudi, na mzee mmoja aliyekuwa ameongea alikuwa amekwisha kufariki.

Balaa ya pili inatoka nje ya mashini. Mtu anachomoa kadi, anaiweka kwenye kompyuta ya Windows ili kuona picha. Windows haijui kusoma chumba cha aina ya ext4. Inaonyesha kile chumba kidogo cha FAT, na kwa vyumba vingine inauliza: unataka kufomati? Swali hilo linamfanya mtu aamini kwamba chumba ni kitupu au kimeharibika. Siyo kweli. Chumba ni kizima, ni Windows tu isiyokifahamu. Ukikubali, umekifuta kwa mkono wako. Simu nyingi zinafanya vilevile: zinasema kadi ina tatizo, na zinajitolea kuitengeneza.

Balaa ya tatu ni kupanua chumba wakati umeme hauaminiki. Kuna programu nzuri, kama GParted, inayoweza kupunguza chumba kimoja na kupanua kingine. Lakini kusogeza mwanzo wa chumba ni kuhamisha kila kilichomo, kipande kwa kipande. Umeme ukikatika katikati, nusu iko huku, nusu iko kule, na daftari halielewi tena. Kwetu, ambako umeme unaondoka bila kuaga, kazi hiyo ifanywe kwenye kompyuta ya kubeba yenye batri iliyojaa, au isifanywe kabisa.

Balaa ya nne ni kadi za uongo. Sokoni unaweza kupata kadi iliyoandikwa 64 au 128 ambayo ndani ina gigabaiti chache. Inapokea mafaili bila kulalamika, kisha inaandika mapya juu ya ya zamani au inayapoteza. Kabla ya kugawanya vyumba, ipimwe kwa programu kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Zote mbili ni za bure. Kipimo kinaweza kuchukua masaa, lakini kupoteza masaa ni afadhali kuliko kupoteza buletini ya mtoto.

Kadi ambayo haiwaki haijafa

Hapa ninaomba vijana wetu wanisikilize vizuri. Mashini ikikataa kuamka, wengi wanasema kadi imekufa, wanaifomati na kuanza upya. Wakati mwingine kilichoharibika ni chumba cha kwanza tu, kile cha kuamshia. Ni kama mlango uliokwama: nyumba haifunguki, lakini vitu viko ndani. Fundi mwenye kompyuta ya Linux anaweza kuingia moja kwa moja kwenye vyumba vingine na kutoa picha na orodha.

Hata daftari la mwanzo likiharibika, vyumba havijaondoka. Programu ya bure inayoitwa TestDisk inaweza kupekua kadi, kutambua vyumba vilianzia wapi, na mara nyingi inarudisha daftari. Lakini inafanikiwa kama hakuna aliyeandika kitu kipya juu yake. Kwa hiyo sheria ni moja: kadi ikigoma, itolewe, ifungwe kwenye karatasi, iandikwe tarehe, isiguswe mpaka apatikane anayejua.

Siri ya orodha

Sasa nifike kwenye jambo zito kuliko yote. Orodha ya wakimbizi wa ndani siyo somo la hesabu. Ina majina, vijiji walivyotoka, idadi ya watoto, pengine namba za simu na picha ya kadi ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho cha watu wengi. Katika mkoa wenye vita, orodha kama hiyo ikiangukia mikono mibaya inaweza kumtafutia mtu kifo.

Wengine wanasema: mashini yetu ina neno la siri. Neno hilo linazuia mtu kuingia kwa mlango wa mbele. Halizuii mtu kuchomoa kadi, kuiweka kwenye kompyuta nyingine na kusoma chumba kizima. Kadi yenye mifumo mingi ni mbaya zaidi, kwa sababu inapita mikono mingi: ya mwalimu asubuhi, ya vijana wa filamu jioni, ya mgeni aliyekuja kuongeza wimbo. Anayewasha mfumo wa filamu anaweza kufungua chumba cha mfumo wa ofisi, kwa kuwa viko kwenye kadi ileile.

Kwa hiyo ninasema wazi: orodha za watu zisikae kabisa kwenye kadi ya masomo na filamu. Ziwe kwenye kadi nyingine au flashi, ndani ya faili lililofungwa kwa neno la siri, kwa mfano la 7-Zip. Faili hilo linafunguliwa kwenye Windows, kwenye Linux na hata kwenye simu, lakini kwa mwenye neno tu. Neno hilo lijulikane na watu wawili, siyo mmoja, wala siyo kumi.

Wanaopinga wana sababu zao

Nimeongea na vijana wanaofanya kazi hii, wengi bila mshahara, na wana hoja ambazo siwezi kuzidharau.

Wanasema kadi ni ghali. Ni kweli. Lakini mfumo wa darasa usiokuwa na madirisha unaweza kutosha kwenye kadi ndogo ya gigabaiti 8, na kadi ndogo za zamani zimejaa kwenye simu zilizokufa. Kadi tatu ndogo, kila moja na kazi yake na rangi yake ya gundi, zinaweza kuwa salama kuliko kubwa moja. Moja ikiharibika, mbili zinaendelea.

Wanasema kadi nyingi zinapotea, zinaibiwa, na watoto wanazichomoa vibaya. Hiyo nayo ni kweli, na kwa kituo chenye watoto mia, kadi moja iliyofungiwa ndani ya sanduku inaeleweka. Basi kama ni lazima iwe moja, watumie PINN, programu iliyozaliwa kutoka NOOBS. Hiyo inaweza kuweka upya mfumo mmoja bila kugusa mingine, na inaweza kuongeza chumba kitupu cha kuwekea vitu. Chumba hicho kipewe jina la Kiswahili, MASOMO, ili yeyote anayefungua kadi ajue ameingia wapi. Kama kitaundwa kwa aina ya exFAT, kitasomeka pia kwenye Windows, na kitapokea mafaili makubwa.

Wanasema pia kwamba wafadhili wanaleta kadi ikiwa tayari imejazwa, na hawaruhusiwi kuigusa. Hapo lawama siyo ya vijana. Anayetoa msaada wa mashini bila kuacha maelezo ameleta nyumba bila funguo. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walikwisha kusema.

Tuulize, tusione haya

Sisi tunaopokea tuna kazi yetu. Mtu akisema anapiga picha kadi yako ya uchaguzi ili aiweke kwenye kompyuta, muulize kwa heshima maswali manne. Picha hii itakaa kwenye kadi gani? Nani mwingine anatumia kadi hiyo? Nakala iko wapi? Na mashini ikiibiwa, mwizi ataweza kuiona? Asiyeweza kujibu hayo kwa Kiswahili cha kawaida, hajawa tayari kutunza picha yako.

Kwa wenye vituo, ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, karatasi moja ibandikwe ndani ya sanduku la mashini, iandikwe kila chumba kina nini, kina gigabaiti ngapi, na kipi kisiguswe. Pili, kabla ya mtu yeyote kuongeza mfumo au kupanua chumba, kadi nzima inakiliwe kwenye kompyuta nyingine au kadi nyingine. Faili la nakala linaweza kuwa kubwa sawasawa na kadi, kwa hiyo nafasi itafutwe mapema. Tatu, nakala ya karatasi za watu isilale nyumba moja na mashini.

Hilo la tatu hapa Goma hatuhitaji kufundishwa na mgeni. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuhama. Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini, na mwezi uliofuata kambi za pembeni ya mji zikabomolewa. Mara zote hizo watu waliondoka na kile walichoweza kubeba. Kadi ya memori inaingia mfukoni, na hiyo ni baraka yake. Lakini ikiwa ni moja tu, na imebaki ndani ya mashini iliyoachwa nyuma, ni sawa na karatasi iliyoungua.

Vijana wetu wa kompyuta tunawahitaji na tunawashukuru. Hatuwaombi waache kuweka mifumo mingi, maana hiyo ndiyo akili ya kuishi na kidogo tulicho nacho. Tunawaomba wajenge ukuta kati ya filamu na jina la mtu, waandike kwenye karatasi walichojenga, na wasibonyeze ndiyo kabla ya kunakili. Na wewe mama, wewe papa, wiki hii ukipita kituoni, waulize: picha yangu inalala chumba gani?